Kitabu cha madeni cha marehemu daktari: tudai, tuchome, ama tufanyeje?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Musawo (yaani daktari), habari za Malaba. Mimi niko mwaka wa nne wa udaktari. Baba yangu mdogo alikua daktari wa mji wetu huku upande wa Kiryandongo zaidi ya miaka 30. Alifariki mwaka jana, siku ya mazishi soko lilifungwa na boda za stage zote zikamsindikiza. Baada ya matanga tukafungua stoo yake tukapata kaunta buku 11, zote ni madeni ya wagonjwa. Benki alikua na pesa ambayo haitoshi karo ya watoto wake hata term moja. Ukoo wanasema tudai, mama mdogo anasema tuchome yaishe, na wazee wa mji wananiambia nimalize shule nirudi nikae kwenye kiti chake. Huyu mzee alipendwa kwa nini hasa, na mtu anaweza kuishi maisha yake bila kufa maskini hivyo? Halafu kuna jina linajirudia sana, 'mtoto wa mama chapati, siko', kuanzia buku ya saba."

Mwanangu, kwanza poleni na msiba, na umpe pole mama yako mdogo kutoka kwangu, najua huyo mama amefanya kazi ya unasi miaka 30 bila mshahara, wake wa madaktari wa miji midogo wote wako hivyo. Jibu fupi ni kwamba msichome, na kudai msidai kwanza. Kaa chini usome hizo buku. Mimi nimekaa kwenye kliniki hapa Malaba, mpakani na Kenya, miaka 26, katikati ya madereva wa trela na akina mama wa soko, na nakwambia ukweli kama ningepewa nichague kurithi nyumba ya baba yako mdogo ama hizo buku 11 ningefikiria sana.

Lakini kabla ya kusoma, zitoeni kwa mikono ya ukoo leo leo. Najua utaona ni jambo dogo ila sikiliza, mle ndani hakuna pesa tu, kuna jina la mtu na ugonjwa wake. Mzee wa ukoo akibeba hiyo kitabu sokoni anaanza kusoma kwa sauti fulani bin fulani, sindano za kaswende, elfu 15, hapo mmeua jina la marehemu kwa siku moja, na pia Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, mambo ya afya ya mtu hayatangazwi hovyo. Na hata kwa upande wa deni lenyewe ukoo hawana haki ya kudai chochote. Deni ni mali ya marehemu, anayeweza kulidai ni yule aliyepewa barua ya mahakama ya kusimamia mali, yaani kwa kawaida mjane ama watoto wake wakubwa, na deni la namna hii likipita miaka 6 bila kupelekwa mahakamani kisheria limekwisha. Kwa hiyo buku tisa kati ya 11 pengine hazidaiki tena. Waambie hivyo wazee, watapoa.

Sasa fungua yoyote, usiangalie pesa, angalia tarehe. Mimi sijaziona lakini nabet na wewe kwamba madeni mengi yameandikwa mwezi wa tano na wa sita. Huko kwenu ni watu wa mahindi. Mvua inaanza Machi, Aprili mbu wamejaa, Mei malaria iko kila nyumba, na wakati huo huo mahindi bado ni mabichi shambani, pesa imeenda kwa mbegu na palizi, na term ya pili inafungua watoto wanataka karo. Malaria inamkuta mtu mfuko ukiwa mtupu kabisa. Alafu geuza mbele mpaka mwezi wa saba na wa nane, utaona mistari mingi imekatwa kwa kalamu ya rangi ingine, pembeni ameandika "kalipa" ama "kuku 2" ama "mahindi debe 1" ama simsim kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Ukiona hivyo ujue baba yako mdogo hakua anatupa pesa, alikua ndio benki ya huo mji, anakopesha uhai Mei analipwa Agosti bila riba. Wale ambao hawajakatwa ndio wamebaki, na hao wengi wao utakuta wamekufa, wamehama, wengine ni wakimbizi waliorudi kwao Sudani Kusini, na wachache ni wajanja tu, kila mji unao na kila mtu anawajua.

Kuna kitu kingine utakiona. Serikali ilifuta malipo kwenye hospitali zake mwaka 2001, kwa hiyo mtu asiye na pesa alikua na pa kwenda bure. Lakini dawa za serikali zinaletwa na gari kila miezi miwili, na zile wiki za mwisho kabla gari haijafika unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje. Nje ndio kwake. Wiki hizo nadhani ukurasa wake unajaa.

Haya, alipendwa kwa nini. Watu watakwambia alikua na roho nzuri, sawa, lakini roho nzuri hata kinyozi anayo. Mimi nakupa sababu moja tu, hakuondoka. Kuna utafiti wa Norwei uliotoka 2021, waliangalia watu zaidi ya milioni 4, wakalinganisha mtu aliyekaa na daktari huyo huyo zaidi ya miaka 15 na yule aliye na daktari mpya wa mwaka mmoja. Wale wa daktari mmoja vifo vyao vilikua vichache zaidi, pungufu kama asilimia 25, na kulazwa hospitali pungufu kama asilimia 28. Mwingine wa 2018 ulikusanya tafiti 22 za nchi mbali mbali, na 18 kati yake zikasema hivyo hivyo. Sio dawa mpya hiyo, sio mashine, ni mtu anayekujua tu. Daktari anayekujua anaona umepungua kabla hujapanda mizani, anajua kwamba wewe ukisema "kinauma kidogo" ujue ni kikubwa na jirani yako akisema anakufa ujue ni gesi.

Mimi nilifundishwa na mzee wa namna hiyo Tororo nikiwa kijana, niliona kwa macho yangu anavyofanya. Unajua sisi Uganda mgonjwa anatembea na faili yake mwenyewe, ile exasaizi buku ya shule, amefunga kwenye kavera isilowe mvua, na mara nyingi ni buku ya mtoto iliyobaki kurasa, mbele ni hesabu nyuma ndio ugonjwa. Sasa sisi vijana tulikua tunafungua moja kwa moja nyuma kwenye dawa za mwisho. Yule mzee alikua anaanza mbele. Anaangalia hesabu, anaona 6/10, anageuka kwa mtoto mgonjwa ambaye anatetemeka kwenye mapaja ya mama yake anamwuliza, hizi nne ulikosa kwa nini? Mtoto anacheka ama analia, na mzee ameshajua mengi, mtoto anaelewa anachoulizwa, shingo inageuka haijakaza, macho yanafuata, na mama naye kashalegea mabega ataongea ukweli kwamba alimpa miti shamba kwanza. Dakika moja na nusu hivi. Mimi nilidhani anapiga stori! Nilikuja kuelewa miaka mingi baadae kwamba alikua anapima.

Na wengi wa hawa "madaktari wetu" wa miji midogo hata sio madaktari wa digrii, ni klinikal ofisa ama nasi mzee aliyestaafu, mji hauulizi cheti, wote ni musawo. Wewe utakua na digrii, vizuri, na Makerere na Mbarara wanasomesha hata shahada ya pili ya udaktari wa familia, watu wengi hawajui kama ipo, iweke kichwani.

Turudi kwa buku maana hapo ndio penye utamu. Usidhani kuandika majina kwenye daftari ni kazi ya karani. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alipokuja Uganda 1946 hakuanzia Mulago, hospitali kuu ya Kampala, alipelekwa Lira, hapo tu kutoka kwenu, daktari wa wilaya kama wengine. Akawa anapasua busha, na akaona mbona wanaume wa upande mmoja wa Lango, eneo hilo la Lira, wanazo nyingi na upande wa pili karibu hakuna. Ni kuhesabu tu, nani katoka wapi. Alipohamia Mulago akaona watoto wenye uvimbe wa taya, aina ya saratani, akaandika 1958, kisha 1961 wakachukua gari la mtumba yeye na wenzake wawili, mmoja Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule Arua, wakazunguka Afrika kama maili 10,000 kwa wiki 10 wakiuliza kila hospitali ndogo swali hilo hilo, hii mmeiona? mmeona wapi? Leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake dunia nzima. Na wengi wa waliomjibu walikua watu kama baba yako mdogo, wako peke yao na rejista zao.

Na Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor kule Gulu unamjua, mtoto wa Kitgum. Oktoba 2000 alikua Kampala anasoma, akaitwa kwamba wanafunzi wa unasi wanakufa Gulu. Alipofika alikaa usiku na faili za waliokufa siku zile, moja moja, mpaka zikaanza kufanana. Ndio akasema hii inaweza kua Ebola kabla majibu ya maabara hayajarudi. Watu 425 waliugua, 224 walikufa, na yeye mwenyewe tarehe 5 Desemba. Simtaji ili ufe kama yeye, hapana. Nasema alifungua faili.

Sasa nikuambie upande mchungu, huu hawatakuambia wazee wa mji wanaokuita. Kupendwa kunaweza kukuharibia mkono. Watu wanapenda dripu. Hasa ile ya njano, iliyotiwa vitamini, mtu akilazwa nayo masaa mawili anatoka anatangaza kwa stage yote kwamba musawo huyu anajua kazi. Ana mafua tu! Na sindano vile vile, ukimpa vidonge vya malaria, vile 24 vya siku tatu ambavyo ndio dawa sahihi, anakuona bahili. Wiki ya kwanza utakataa. Mwezi wa tatu, kliniki ya jirani imejaa wewe unapiga miayo, utaanza kusema haya basi dripu moja haimuui. Hapo umeanza kuuza kupendwa. Antibayotiki ndio mbaya zaidi, kila kikohozi na amoksisilini, mpaka siku inakuja nimonia ya kweli dawa haifanyi kazi.

Na mbaya kuliko dripu ni hii, nitakuambia ingawa sipendi kuikumbuka. Mama mmoja mteja wangu wa miaka, nimemzalisha watoto wawili, akaja na mimba ya tatu jioni moja kichwa kinamuuma, macho yanaona nyota. Presha 170 kwa 110. Nilijua jibu, ni gari sasa hivi hospitali kubwa. Akakataa, akanishika mkono, akasema wewe ndio daktari wetu, kule hawatujui, nitalala hapa kwako asubuhi nitakua sawa. Na mimi nikafurahi kuambiwa hivyo, nakiri, nilifurahi. Nikampa dawa ya presha nikamlaza. Saa tisa usiku akashikwa na kifafa cha mimba. Nikampa magneziamu, dawa ya kutuliza hicho kifafa, tukamkimbiza kwenye pikapu ya jirani, yeye akapona, mtoto hakupona. Mama huyo alirudi kunishukuru na kuku, ananiambia bila wewe ningekufa. Nilishindwa kumwambia kwamba bila mimi angekua ameondoka saa moja jioni. Tangu siku ile presha ikiwa hivyo kwa mja mzito simuulizi mtu, nampigia dereva kwanza ndio naanza kuongea.

Kuhusu umaskini. Hapana, sio lazima. Ila baba yako mdogo nadhani alikosea mambo ambayo si ya roho, ni ya droo. Alikua na droo moja. Pesa ya kliniki, ya dawa, ya chakula nyumbani, ya karo, yote humo, kwa hiyo mgonjwa akikopa anakopa karo ya mtoto wake bila kujua. Wewe jipe mshahara, hata kama ni mdogo, utoke kila mwezi tarehe ile ile uende sako, chama cha akiba na mikopo, na pembeni weka mfuko wa msamaha, kiasi unachojua unaweza kupoteza mwezi huo. Ukiisha umeisha, anayefuata unampeleka helth senta ya serikali na barua yako mkononi, hiyo nayo ni matibabu. Mei na Juni utenge zaidi, si umeshasoma tarehe. Mobail mani imesaidia sana upande huu, zamani mtu alikua anakukimbia njiani kwa aibu ya deni, leo anatuma elfu 3 elfu 3 kimya kimya mpaka linaisha. Mengine haraka haraka, ukimaliza intanshipu chukua kazi ya serikali kwanza miaka michache, mishahara ya madaktari ilipandishwa vizuri mwaka wa fedha 2022/23, na utajifunza kupasua na mtu mkubwa amesimama nyuma yako. Laisensi yako na ya kliniki lipia kila mwaka bila kungoja mgambo. Na dawa ya serikali, ile iliyopigwa muhuri wa UG, isiguse kabati lako hata kidonge, hata ukiambiwa ni ya kuazima, nimeona wenzangu wanapandishwa pikapu kwa ajili ya boksi moja.

Usiwe peke yako pia. Tafuta mkunga mzuri na klinikal ofisa, mgawane usiku. Baba yako mdogo alikua anaamshwa kwa dirisha si ndio? Watu hawabishi mlango, wanajua chumba anacholala, wanagonga kioo saa nane usiku wanamwita jina. Kwangu ilikua hivyo hivyo mpaka mke wangu akahamisha kitanda upande wa pili bila kuniambia, nikalala mpaka asubuhi mara ya kwanza baada ya miaka, na mkunga akapokea watoto wawili usiku huo bila mimi. Hakuna aliyekufa. Niliumia kidogo moyoni kusema kweli.

Kama utarudi ama hautarudi hilo siwezi kukuamulia, una mwaka mmoja wa shule na mmoja wa intanshipu, wazee wa mji watasubiri, hawana pa kwenda. Ila ukirudi usikae kwenye kiti chake, nunua chako, watu watakulinganisha naye miaka mitano ya kwanza na utashindwa kila siku.

Imebaki huyo wa mama chapati, na huyu ndio amenifanya nijibu kwa urefu hivi. "Siko" ni siko seli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uganda nzima walipopima watoto wachanga, matokeo yakatoka 2016, kati ya watoto 100 kama 13 wamebeba kirithi kimoja cha huo ugonjwa, na huko kaskazini na huku kwetu mashariki ndio tumezidi. Mtoto kurudi rudi kwenye buku miaka yote hiyo kuna maana ya maumivu, damu kupungua, malaria juu yake, na kuna maana pia kwamba alikua anaishi, wengi hawafiki miaka mitano. Kuna dawa inaitwa haidroksiyurea, zamani tuliogopa kuwapa watoto wa huku kwetu tukidhani italeta malaria zaidi, lakini utafiti wa Mulago uliotoka 2017 ulionyesha haiongezi, na maumivu na kulazwa vinapungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, sio ya kununua tu dukani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua buku ya saba mpaka ya 11, andika tarehe zote za huyo mtoto kwenye karatasi moja. Zikianza kuachana, mwezi, miezi mitatu, mwaka, inawezekana mzee alishampeleka akaanzishiwa dawa. Zikikatika ghafla, basi unajua. Na zikiwa bado zimebanana mpaka ukurasa wa mwisho, huyo ni kijana mkubwa sasa na tangu mwaka jana hana daktari. Mama chapati hatakosa kujulikana, uliza hapo stage, na ukimpata niandikie.